Sauti Iliyotoka Melini

Sinia lilianguka, samaki wakatapakaa hadi mlangoni.

Hapo ndipo tulipomwacha Mugure, ndani ya duka la Anyieth, soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuwa ameinama akipanga samaki wakavu aliowatoa Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Nje ya duka mwanamume mmoja aliweka simu sikioni, akasema kwa Kiswahili cha Kongo:

"Mama, uko na mimi?"

Basi. Maneno hayo tu.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, jua kwamba sauti hiyo Mugure aliifahamu kuliko sauti ya mamake mzazi. Mwaka wa 2010 maharamia waliiteka meli ya mizigo, Jamila Pili, mbali na pwani ya Somalia. Mpishi wa meli hiyo alikuwa Mureithi, mumewe. Miezi nenda rudi sauti hiyo ilimpigia simu Mugure nyumbani kwake Nyeri. Ilianza vilevile kila mara: "Mama, uko na mimi?" Kisha ingedai kikomboleo. Kisha ingesema, "Bwana yako anakusalimia kwa njaa," na kucheka.

Siku moja simu zikakoma. Meli iliachiliwa, na mabaharia wenzake Mureithi, Wahindi na Waburma, wakarudishwa makwao kwa ndege. Mureithi hakuwa nao. Wenye meli wakamwambia Mugure kwamba mumewe aliteremshwa pwani na maharamia, na zaidi ya hapo hawajui. Pole sana. Mugure aliitupa ile laini ya simu chooni, akalia hadi akachoka.

Sasa ni mwaka 2013. Bahari imejaa meli za kivita za mataifa, maharamia wametawanyika, na watu wameanza kusahau. Mugure hakusahau. Dereva mmoja wa lori aliapa kumwona Lodwar mtu anayepika chapati, mwenye kovu la mafuta ya moto shingoni. Mureithi alikuwa na kovu hilo. Ndiyo maana mwanamke wa Nyeri akahamia Lodwar, akajifunza kuuza samaki, na kila jiko aliloingia alitazama kwanza shingo ya mpishi.

Hakumpata mwenye kovu. Leo amempata mwenye sauti.

"Pardon, mama," yule mwanamume alisema, akiingia na kuinama. "Mi nilikutisha?"

Aliokota samaki mmoja mmoja, akampangusa vumbi na kumrudisha siniani. Alikuwa mrefu, mkavu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, rozari shingoni. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili.

"Hapana," Mugure alijikaza. "Ni joto tu."

"Ni kweli, joto ya hapa inaangusha watu. Jina yako nani, mama?"

"Mama Njoki."

Hakuna Njoki. Mugure hana mtoto. Jina lilitoka lenyewe.

"Mama Njoki wa Lodwar?"

"Wa Lodwar."

"Na bwana yako?"

"Yuko nyumbani."

Mwanamume alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akatabasamu, akamwambia Anyieth kwamba atarudi baadaye kuangalia jenereta, akaondoka zake kati ya mikokoteni ya unga.

Mugure alikaa chini juu ya gunia.

"Wewe nakuwa mgonjwa?" Anyieth aliuliza. Alikuwa mwanamke wa Bor, Sudan Kusini, mjane wa vita, mwenye duka lililoshinda maduka mengi ya soko lile. Tangu Mugure aanze biashara ya samaki, Anyieth ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza na rafiki yake wa pekee Kakuma.

"Huyo mtu ni nani?"

"Hii? Hii ni Mwalimu Kasongo. Yeye natafsiri kwa kanisa yetu. Kifaransa, Kisomali, Kiarabu, luga yote. Mtu wa Mungu kabisa."

"Amekuja hapa lini?"

"Hata mwaka haijaisha. Kwani?"

Akilini mwake Mugure alikuwa akibishana na masikio yake. Wakongo wangapi Kakuma husema hivyo simuni? Labda wote. Labda amekuwa mwendawazimu, na kila mwanamume wa Kongo atamtia kiwewe hadi kufa kwake.

Kulikuwa na njia moja ya kujua. Sauti ile hakuwahi kuisikia ana kwa ana. Aliisikia ikipita ndani ya simu.

"Anyieth, unayo namba yake?"

"Niko nayo."

"Mpigie. Weka sauti ya nje. Mwambie chochote."

Anyieth alimkazia macho, kisha akabonyeza. Simu ile ya Kichina iliita kwa kelele. Ikapokewa.

"Mama, uko na mimi?"

Mugure aliziba mdomo kwa leso.

"Mwalimu, hii jenereta nataka leo," Anyieth alisema.

"Leo leo, mama. Mi nakuja. Usiogope, mama, mi si mtu ya kusahau."

Na Kasongo akacheka.

Kicheko kile! Kifupi, cha kupitia puani. Mugure alikisikia usiku mwingi gizani kitandani kwake baada ya simu kukatwa. Hapakuwa na shaka tena. Alinyoosha mkono aizime simu mwenyewe, asije akapiga yowe, na hapo macho yake yakaona kioo.

Namba ile haikuandikwa Mwalimu. Haikuandikwa Kasongo.

Iliandikwa "Baharia".

Mugure aliinua uso polepole. Rafiki yake alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Baharia," Mugure alisema. "Wewe ulijua."

"Najua nini?"

"Nilikueleza habari za mume wangu. Nilikulilia hapa hapa, juu ya magunia haya. Nilikwambia meli, nilikwambia maharamia, nilikwambia sauti ya mtu wa Kongo. Na wewe ulikuwa na baharia wa Kongo ndani ya simu yako!"

"Mugure, ngoja..."

"Anakulipa nini?"

Anyieth alisimama. Alikuwa mrefu hata kichwa chake kiligusa mafurushi ya mitumba yaliyoning'inia.

"Wewe sikia vizuri," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nazika bwana na mikono yangu. Wewe naweza niambia mimi nauza bwana ya mwanamke ingine? Yeye alisema alikuwa fundi ya injini kwa meli ya samaki, mbali huko, bahari ya Kongo. Mimi naandika Baharia. Kama iko vibaya, malesh, samehe. Lakini usinitukane mara ya pili."

Mugure aliona aibu, ila shaka haikumtoka. Shaka ikishaingia ndani ya mtu, haitolewi kwa ukali wala kwa upole. Alimwamini Anyieth nusu, na ile nusu nyingine akaifungia kifuani.

"Twende polisi," Anyieth alisema.

"La. Nikimpeleka polisi atafunga mdomo. Mimi sitaki afungwe, nataka aseme Mureithi yuko wapi."

"Na akikataa?"

"Basi utapiga kelele wewe, na soko lote litakuja."

Anyieth alifikiri. "Soko ikikuja, atakufa kabla ya kusema," alijibu.

Kasongo alirudi jua likiwa bado kali, na mfuko wa spana begani. Jenereta ilikuwa chumba cha nyuma, mahali penye mlango mmoja na ukuta wa mabati yaliyokuwa yakiwaka joto. Alichuchumaa, akafungua tangi, akanusa petroli. Mbele ya duka wateja walianza kuita. Ilikuwa siku ya mgao wa chakula, kila mtu ametoka na unga wake kutafuta sukari na sabuni. Anyieth alimtupia Mugure jicho, akaenda kuwahudumia.

Wakabaki wawili.

Mugure alikuwa ameshika kisu cha kupasulia samaki, ubavuni, ndani ya mikunjo ya leso. Alifungua mdomo. Kasongo alimtangulia.

"Acha kisu, Mama Mugure," Kasongo alisema bila kugeuka.

Mugure alikishika kisu kwa nguvu zaidi.

"Mi nilijua sauti yako pale ulisema ni joto," aliendelea, akifungua nati. "Wewe unafikiri ni wewe peke yako ulikuwa unasikia? Mi nilikusikia pia. Nilisikia ukilia, nilisikia ukiomba. Mi najua vile unapumua."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Kaa chini kwanza."

"Yuko wapi?"

Kasongo aligeuka. Alifungua vifungo vya shati na kulishusha begani. Mgongo wake ulikuwa na makovu marefu, moja juu ya jingine.

"Mi nilikuwa mateka kama yeye," alisema. "Fundi wa injini wa Jamila Pili, njo mimi. Bale batu balipanda meli, bakauliza nani anajua Kiswahili. Mi nikainua mkono, mupumbavu. Kila siku nilikupigia, bunduki ilikuwa hapa." Aliweka kidole kisogoni. "Bakisema cheka, unacheka."

Kisu kilimlemea Mugure mkononi. Miaka mitatu alikuwa amemchukia mtu huyu kwa nguvu zake zote. Na kama ni kweli?

"Ulicheka vizuri sana kwa mtu mwenye bunduki kisogoni," alisema.

"Ungecheka pia."

Alirudi kwenye injini na kuendelea kusimulia, na Mugure akamwacha aseme, maana mtu anayesema sana huteleza.

"Mi nilifanya kazi ya meli miaka mingi, mama. Kule Malaka, Asia, mwizi alipanda na mwanzi mrefu, akachukua kamba, rangi, saa ya kapteni, akaenda. Kule Nijeria balitaka mafuta. Ni hawa ba Somalia njo baliona mtu mwenyewe ana bei kuzidi mzigo. Na unajua balianza aje? Balikuwa bavuvi. Meli za mbali zilikuja kukomba samaki yao, bakashika bunduki kuzifukuza. Kisha tajiri moja wa mjini akaona faida, akanunua boti na injini. Si kitu mupya. Zamani wafalme wa Ulaya walipea wezi ruhusa na karatasi ya kunyang'anya meli za adui. Mwizi uyo, akirudi kwao, anapigiwa ngoma, anapewa shamba. Inategemea unasimama upande gani wa maji."

Alisema haya taratibu, karibu kwa upendo. Mugure alimsikiliza. Walioteswa na maharamia hawasemi hivyo, alijiambia. Kasongo alizungumza habari zao kama mtu anayesimulia ukoo wake.

Lakini yale makovu je?

"Sikukuuliza habari za wafalme. Nimeuliza Mureithi."

Kasongo aliweka spana chini.

"Anaishi."

Mugure aliegemea mabati. Yalimuunguza bega, hakuhisi.

"Alitoroka pwani, akapita Ethiopia, akaingia Turkana. Iko hapa hapa, mama, ndani ya hii nchi ya mawe. Lakini hataki kukuona."

"Uongo!"

"Sikia. Bale batu balitaka kumvunja roho. Balinituma nimwambie kama wewe ulikataa kumkomboa. Eti ulisema, bamumalize, mi nitapata bwana ingine. Nilimwambia. Njo dhambi yangu hiyo, mama. Toka siku hiyo hakutaja jina yako."

Mugure akakaa sakafuni. Alikuwa ameuza shamba kutafuta kikomboleo, alikuwa amepiga magoti mbele ya wabunge na maaskofu. Na mumewe, wakati wote huo, alikuwa akiamini ametupwa.

"Kwa nini unanieleza sasa?"

"Nataka kumuomba msamaha. Dereva wa lori ya samaki alinipatia namba yake. Nimepiga mara nyingi. Akisikia ni mi, anakata. Lakini wewe..." Alitoa simu mfukoni, akatafuta namba, akampa. "Wewe hatakukata. Muulize iko wapi. Tutaenda sisi wawili."

Mugure aliitazama simu ile. Nje Anyieth alikuwa akigombana na mteja juu ya mche wa sabuni. Maisha ya watu wengine yalikuwa yakiendelea.

Je, ungefanya nini, msomaji? Ungebonyeza?

Alibonyeza, akaiweka sikioni.

Iliita. Ikaita. Ikapokewa. Kulikuwa na pumzi tu, na mbali nyuma yake mlio wa mbuzi.

"Mimi ni Mugure," alisema.

Pumzi ile iliendelea.

"Kama wewe ni yeye, niambie. Mtoto wetu aliyekufa kabla ya kuzaliwa. Tulimwita nani, mimi na wewe, chumbani?"

Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua jina hilo. Mimba ile ilikuwa imemtia hamu ya karanga asubuhi na jioni, na Mureithi alikuwa akimletea zimefungwa kwenye gazeti.

Pumzi ile ilikatika. Ikarudi ikitetemeka.

"Njugu," mwanamume alisema. "Tulimwita Njugu."

Mugure alishindwa kujizuia, machozi yakashuka. Ilikuwa sauti yake, imekwaruzika, imezeeka, ila yake.

"Sikukukataa," alisema haraka. "Mureithi, sikukukataa hata siku moja. Walikudanganya."

"Ongea Kikuyu," sauti ilimkatiza, na lugha ikageuka pale pale. "Uko wapi?"

"Kakuma," alijibu kwa Kikuyu.

"Mwenye simu hii yuko karibu nawe?"

Mugure alitupa jicho. Kasongo alikuwa ameinama, akifuta plagi kwa kitambaa.

"Ndiyo."

"Basi sikiliza, na usibadilishe uso. Alikwambia alikuwa mateka?"

"Ndiyo."

"Yule ndiye aliyezima injini. Maharamia tulikuwa tunawaacha nyuma, Mugure, boti zao zilikuwa zimeshindwa kutufikia. Nilishuka kumpelekea chai, nikamwona kwa macho yangu akizima injini, kisha akapiga simu. Hakuna mwingine aliyeona. Ndiyo sababu aliwaambia waniteremshe pwani, ili nisirudi na wenzangu."

"Na makovu ya mgongo wake?"

"Hayo ni yao kwa yao. Waligombana katika kugawana kikomboleo. Mugure, mimi ndiye shahidi pekee, na amekuwa akinitafuta kila mahali. Usimwambie nilipo."

"Uko wapi?"

Alisita. Mbuzi walilia.

"Lokori. Napika kwenye hoteli nyuma ya soko la mifugo, wananiita Samweli. Njoo peke yako. Sasa mwambie nimekataa kusema."

Mugure aliishusha simu kutoka sikioni. Alijifuta macho. Kisu kilikuwa bado ndani ya leso.

Kasongo alikuwa amesimama. Mlango wa mabati ulikuwa nyuma yake, na alikuwa ameurudisha bila kelele yoyote.

"Amesema nini?"

"Amekataa," Mugure alijibu. "Analia tu. Hataki kuniambia aliko."

"Pole, mama." Kasongo alitikisa kichwa kwa huzuni. "Pole sana. Na mi nilikuwa na matumaini."

Alichukua mfuko wake wa spana, akautundika begani. Mugure akaanza kuvuta pumzi. Ameamini, alijiambia. Mungu wangu, ameamini.

Kisha Kasongo akafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwa Kiswahili cha Kongo, wala Kifaransa. Yalikuwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, lakini kila neno limekaa mahali pake.

"Nilikaa na mumeo melini miaka, mama. Usiku tulikuwa hatuna kazi, akanifundisha. Mabati haya yanarudisha sauti, na simu yangu inapiga kelele. Lokori si mbali."

Alinyoosha mkono. "Nipe simu yangu."

Mugure aliitazama simu kiganjani, naye Kasongo akaitazama, na wote wawili wakaona jambo moja kwa wakati mmoja.

Kioo kilikuwa kinawaka. Mugure hakuwa amekata.

Ndani ya simu, kule Lokori, sufuria ilianguka chini kwa kishindo, na nyayo za mtu zikasikika zikikimbia.